Yule wa kwenye waya: maswali yenu kuhusu mkamata-nzi

Toleo lililopita kuna dada aliniuliza kuhusu kandege ka kijivu kanakokaa kwenye waya wake wa kuanikia nguo, mi nikamjibu mistari miwili tu, kwamba atakuwa shomoro jike, nikapita zangu. Jamani. Tangu nianze safu hii sijawahi kupata barua nyingi namna hii, tena nyingine zina maneno makali kidogo lakini nakubali, nimeyataka mwenyewe. Shomoro hakai vile. Kwa hiyo leo hatuna kasuku, hatuna bundi, yule aliyeuliza kuhusu bata mzinga avumilie kidogo, ukurasa wote ni wa huyu bwana mdogo.

SWALI: Shikamoo Anko, mimi ndo yule wa waya. Sijaandika kukugombeza ila shomoro nawajua, wamejaa darini kwangu wanapiga kelele kutwa nzima, na huyu siye. Huyu yuko peke yake, anakaa wima kama mlinzi wa geti, kimya, alafu ghafla anaruka hewani, anajipindua kidogo, tak, anarudi palepale alipotoka. Anaweza kufanya hivo asubuhi nzima. Rangi sasa ndo sina cha kukuambia, kijivu kijivu cha kahawia hivi, tumbo jeupe la kufifia. Ni nani huyu? (Dada wa Waya)

JIBU: Marahaba dada, na samahani. Barua yako ya kwanza ilikuwa na jibu ndani yake, mi nikasoma "mdogo" na "kijivu" nikaishia hapo, na hilo ndo kosa ninalowakataza watu kila siku. Wewe hukunipa rangi, ulinipa tabia, na kwa ndege wa aina hii tabia inakufikisha mlangoni kabla rangi haijaamka.

Huyo ni mkamata-nzi, kitaalamu Muscicapa striata. Hilo jina ukilifumua limekaa vizuri sana, kwa Kilatini musca ni nzi, capere ni kukamata, na striata ni mwenye michirizi. Peter Simon Pallas ndiye aliyempa hilo "striata" mwaka 1764. Kwa Kiswahili hawa wadogo wa kijivu kila mtu anawaita anavyojua, kwa hiyo hapa tuseme mkamata-nzi tu tuelewane.

Hiyo "tak" uliyoandika sijui kama ulijua umeandika kitu cha maana, yani ni mdomo wake unavyofunga juu ya mdudu, ukiwa karibu na pakiwa kimya unausikia kabisa. Kazi yake yote ndo hiyo. Anachagua mahali penye uwazi mbele, iwe tawi kavu, fito la uzio, waya, anakaa wima mkia umening'inia, anageuza kichwa huku na huku, na mdudu akipita anamfuata hewani hatua chache, anamnyaka, anarudi. Mara nyingi anarudi palepale, na asiporudi palepale basi ni tawi la jirani. Akitua anatikisa mbawa kidogo au mkia, mara moja, kama mtu anayejipangusa vumbi, na anaendelea kungoja.

Shomoro sasa mtazame mdomo. Ule ni mnene, wa kuvunjia mbegu. Wa mkamata-nzi ni mweusi, mwembamba ukimtazama kwa ubavu lakini ukimtazama kutoka chini unakuta shina lake ni pana, na pembeni pana vinywele vigumu kama sharubu. Halafu shomoro anarukaruka chini anaokota, huyu miguu yake ni mifupi na chini hashuki mara kwa mara, ukimkuta anazunguka ardhini muda mrefu kati ya makombo basi anza kuwa na mashaka. Kwa urefu hawapishani sana, mkamata-nzi ana sentimita 14 hivi kuanzia mdomo hadi mkia, ila ni mwembamba, gramu 15 au zaidi kidogo, shomoro ukimweka pembeni yake anaonekana kama mpiga mieleka.

Kuna atakayesema mbona hata mlamba anaruka na kurudi, hata keremkerem. Kweli kabisa, ila mlamba ni mweusi ti na mkia umegawanyika kama wa samaki, na keremkerem huwezi kumwita kijivu hata ukiwa umevaa miwani ya jua.

SWALI: Anko mambo, mi nimenunua kamera ya lenzi ndefu, nimepiga picha kama 60 za ndege wa hivyo nikaziweka kwenye programu ya simu inayotambua ndege, ikanipa majina manne tofauti kwa ndege ambaye naamini ni mmoja. Nishike lipi, na kwenye picha nitazame wapi? (Kaka wa Kamera)

JIBU: Poa kaka. Programu sio mbaya, ila yenyewe inatazama picha moja moja, haikukaa na wewe pale nusu saa. Picha moja kachukuliwa na jua mgongoni, nyingine kivulini, nyingine kajikunyata, hapo hata mama yake angemkana.

Anza kichwani. Kuza picha mpaka uone utosi. Mkamata-nzi wetu ana michirizi myembamba ya giza kwenye paji la uso na utosi, kama mtu kachora kwa penseli iliyochongwa vizuri juu ya kijivu chepesi. Ukiiona hiyo michirizi ya utosini umeshafika robo tatu ya safari. Alafu shuka kidarini, hapo nako kuna michirizi, ya kahawia, laini, juu ya weupe uliofifia, inaishia ikielekea tumboni. Bawani tafuta kingo za rangi ya maziwa kwenye manyoya yaliyokunjwa, lakini usitegemee doa jeupe kubwa, hana. Mkia hana weupe. Jicho ni kubwa jeusi na duara linalolizunguka limefifia, halijitangazi. Mdomo mweusi, miguu myeusi. Dume na jike wako sawasawa kwa hiyo usijisumbue kutafuta nani ni nani.

Na kitu kimoja watu wanakisahau, urefu wa mbawa. Huyu anavuka bahari na jangwa, kwa hiyo mbawa zake ni ndefu, zikikunjwa ncha zinatokeza mbali nyuma juu ya mkia. Ndege asiyehama hana sababu ya kubeba mbawa za hivyo.

Sasa wanaokuchanganya. Wa kwanza ni ndugu yake wa karibu, Muscicapa adusta, na bila shaka jina lake lilikuwamo kwenye yale manne. Huyu ni kafupi, kanene, kichwa cha mviringo, sentimita 12 hivi, amekaa kama mpira mdogo kwenye tawi, na kidari chake kina uchafuuchafu tu wa kahawia ambao mipaka yake haieleweki, kama vile mtu kapitisha kidole kwenye wino kabla haujakauka. Utosini hana michirizi. Mbawa fupi. Na yeye hahami kwenda Ulaya, anapenda kingo za msitu na miti ya sehemu zenye ubaridi, yupo mwaka mzima. Kwa hiyo angalia tarehe kwenye picha zako kaka. Kama ulimpiga Julai, mkamata-nzi wetu wakati huo yuko Ulaya analisha makinda, huyo wako ni mwenyeji.

Wa pili ni yule ambaye vitabu vipya vinamwita Fraseria caerulescens na vya zamani Muscicapa caerulescens, kijivu cha kuelekea bluu kama majivu yaliyopoa, msafi, hana mchirizi hata mmoja, ana mstari mweusi kutoka mdomoni hadi jichoni na juu yake mstari mweupe. Ukimwona mara moja kwenye mwanga mzuri humsahau. Wa tatu ni yule mkubwa kidogo wa kahawia tupu, vitabu vipya vinamwita Agricola pallidus na vya zamani vinamweka kwenye majina mengine, huyu hana michirizi kabisa na tabia yake ni tofauti, anakaa juu anatazama chini, anashuka kuokota mdudu ardhini ndo anarudi juu. Unaona tena, tabia. Yuko na wa nne, Muscicapa gambagae, wa maeneo makavu ya ukanda wa Saheli hadi Pembe ya Afrika, huyu kwa kweli hata wazoefu anawatoa jasho, mdogo kidogo, utosi hauna michirizi, kidari nacho hafifu, na mi nikimwona kwa mbali huwa naandika "sijui" kwenye daftari na silali njaa kwa sababu hiyo.

Ukikutana na wa kijivu kahawia mwenye doa jeupe bawani linaloonekana hata bila darubini, huyo ni wa ukoo mwingine, jenasi ya Ficedula. Madume yao wakiwa kwenye nguo za kuzaliana ni weusi na weupe kabisa, ila majike na madume wa nje ya msimu wanakuwa kahawia na ndo wanachanganya. Mmoja wao, Ficedula semitorquata, anazaliana kuanzia Balkani hadi Iran na kipindi cha baridi cha huko anakuja Afrika Mashariki.

Na mwisho kale ka kijani-njano kanakopekua majani bila kutulia, kanaingia huku kanatokea kule, hako sio mkamata-nzi hata kidogo. Mkamata-nzi anakaa. Ukishindwa kumpata kwenye fokasi kwa sababu anahangaika ndani ya majani, tayari umeshapata jibu kwamba siye.

SWALI: Nina kitabu cha ndege cha Kiingereza na jina lake mle linamaanisha "mwenye madoadoa". Nimemtazama wiki mbili sijaona doa. Walikosea au nimekosea?

JIBU: Hujakosea. Wenye madoa ni makinda. Akitoka kiotoni mgongo na kichwa vinakuwa na madoa ya rangi ya mchanga, kama kanyunyiziwa maji machafu, na Waingereza wakaling'ang'ania hilo. Manyoya hayo wanayabadilisha karibu yote kabla ya kuanza safari, kwa hiyo hadi wanafika kusini mwa Sahara madoa yameisha, labda uone ncha za rangi ya mchanga kwenye bawa la yule aliyezaliwa mwaka huohuo. Kilatini kilisema michirizi na mi nasimama na Kilatini.

SWALI: Shikamoo. Binti yangu wa miaka 9 kaniuliza hako kandege kametoka wapi na nani kamekaonyesha njia, nikamwambia kanakuja na wazazi wake. Akaniuliza mbona kako peke yake. Nikaishiwa. Nisaidie baba mwenzio.

JIBU: Marahaba, na mpe hongera binti, kakubana vizuri.

Hakaji na wazazi. Hapo ndo pana ajabu yenyewe. Mkamata-nzi anazaliana Ulaya karibu yote, mpaka Siberia, na wengine kaskazini magharibi mwa Afrika. Anachelewa kufika kule kuliko ndege wengi wahamiaji, Uingereza kwa mfano wengi wanaonekana Mei, kwa sababu chakula chake ni wadudu wanaoruka na wadudu wanaoruka wanataka joto. Wanajenga kiota kwenye ufa wa ukuta, kwenye mmea unaotambaa ukutani, kwenye kishimo cha mti, jike anataga mayai manne hadi sita, wiki mbili hivi za kuatamia, wiki mbili nyingine makinda yanaruka, na ikifika Agosti na Septemba wanaanza kuondoka. Kinda ambalo miezi miwili iliyopita lilikuwa yai linaondoka usiku, bila kushikwa mkono, linavuka bahari ya Mediterania, linavuka Sahara ambayo upana wake kutoka kaskazini kwenda kusini unafika kilomita 1,500 na zaidi, linaendelea. Wengi wanaishia kusini mwa ikweta, wapo wanaofika mpaka Afrika Kusini, yani kwa aliyetoka kaskazini mwa Ulaya ni zaidi ya kilomita 8,000 kwenda tu.

Nani kamwonyesha? Mwelekeo kazaliwa nao. Ndege wahamiaji waliolelewa ndani ya tundu bila kuona mzazi, msimu ukifika wanaanza kuhangaika usiku, wanarukia upande uleule ambao wenzao walioko nje wanaelekea. Njiani wanatumia jua linapozama, nyota, na usumaku wa dunia. Mwambie binti wana dira ndani yao, hiyo sio hadithi ya kumbembelezea mtoto, ndo hali halisi.

Afrika Mashariki wanapita kwa wingi Oktoba na Novemba wakishuka, na Machi na Aprili wakipanda. Kama anataka kuona, au hata kusikia tu, jinsi usiku ulivyojaa wasafiri, msimulie habari ya Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Pale juu mlimani kuna loji yenye taa kubwa, na miezi ya Novemba na Desemba ukungu ukifunga usiku usio na mbalamwezi, ndege wahamiaji waliokuwa wanapita juu gizani wanavutwa na zile taa wanashuka kwa maelfu. Tangu 1969 watafiti na watu wa kujitolea wanaenda pale kuwanasa kwa nyavu laini, wanawapima, wanawavisha pete nyepesi ya chuma mguuni yenye namba, wanawaachia. Wengi hawajui kwamba juu ya vichwa vya watu kila mwaka mto mkubwa namna ile unapita.

Akikwambia anataka kuwa mvisha-pete usimkatishe tamaa.

SWALI: Mimi ni mfuga nyuki, nina mizinga kadhaa. Ndege wa hivyo wawili wanakaa karibu na mizinga wananyaka kitu hewani, na nimeona mmoja anapigapiga kitu kwenye tawi. Wanakula nyuki wangu? Niwafukuze? (Mzee wa Mizinga)

JIBU: Shikamoo mzee. Ndiyo, wanakula, siwezi kukuficha. Chakula chake kikubwa ni nzi na jamaa zao, lakini akipita kipepeo anachukua, akipita nondo, nyuki, nyigu, anachukua. Na huko kupigapiga ulikokuona ni ufundi, mdudu mwenye mwiba anamsugua na kumgonga tawini mpaka mwiba na sumu vitoke, ndo anameza. Keremkerem anafanya vilevile, na kama kuna ndege wa kukuhangaisha wewe mzee ni keremkerem maana hao wanakuja kundi zima na nyuki ndo riziki yao. Mkamata-nzi wawili kwenye mizinga yenye maelfu na maelfu ya nyuki, ambao wengine wanakufa wenyewe kila siku kwa uzee, mi naona sio hasara ya kupandia ngazi. Tena wakati wa kumbikumbi utaona wamewasahau kabisa nyuki wako, wanashindana na kila kiumbe chenye mdomo.

Waache mzee, wanapita tu.

SWALI: Haimbi? Nimemngoja aimbe nimrekodi.

JIBU: Utangoja. Hata kule anakozaliana wimbo wake ni dhaifu, vimilio vichache vyembamba vya mkwaruzo na mapumziko marefu katikati, watu wanaishi naye bustanini msimu mzima hawajui kama kaimba. Akiwa kusini unachoweza kupata ni "tsii" nyembamba kavu kama bawaba ya kabati isiyo na mafuta, na akishtuka anaongeza pigo fupi mwishoni, "tsii-tak". Ukirekodi hiyo mi nitafurahi kuliko wimbo.

SWALI: Mimi niko Marekani, huku nako kuna ndege wa msituni wanafanya mchezo uleule, kukaa, kuruka, kurudi, na wanahama pia. Ni haohao? Na vipi kuhusu yule mwekundu kahawia wa nyumbani mwenye mkia mrefu kama utepe, naye si mkamata-nzi?

JIBU: Kazi ni ileile, koo ni tofauti, kama mafundi seremala wawili wasiojuana. Hao wa kwenu Marekani ni familia ya Tyrannidae, haina undugu wa karibu na huyu wetu, wamefika kwenye mtindo huohuo kila mmoja kwa njia yake kwa sababu mdudu anayeruka anakamatwa vizuri hivyo. Na huko kwenu pole sana, jenasi ya Empidonax karibu wote ni kijani-kijivu, wengi wana pete ya jicho na mistari ya bawa, watu wanawatofautisha kwa sauti na aina ya msitu. Empidonax virescens wa misitu ya mashariki, yule anayekaa chini ya miti mikubwa karibu na vijito, anajitambulisha kwa mlio mkali wa ghafla unaopanda kama kashtuliwa, na usipousikia huo ni bora unyamaze tu. Huyo naye majira ya baridi anashuka Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini.

Yule wa mkia wa utepe ni familia nyingine tena, Monarchidae. Anakamata nzi kweli, ila hamwezi kumchanganya, dume mwenye mkia kamili anapita mbele yako kama bendera.

Na hapa inabidi nijirekebishe kidogo maana Dada wa Waya nilimwambia tabia ndo kila kitu. Tabia inakuambia kazi ya ndege. Jina lake bado utalitafuta utosini na kidarini, na kwenye kalenda.

SWALI: Anko, niko Uingereza, jirani yangu hapa mzee wa makamo analalamika kwamba zamani walikuwa wanaona mkamata-nzi kila bustani na sasa hamna, na ananiangalia mimi kama vile tumewala Afrika. Nimjibu nini?

JIBU: Kwanza mwambie kwamba kwenye kuhesabu yuko sahihi. Uingereza wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu miaka ya 1960 na wamewekwa kwenye orodha nyekundu ya nchi hiyo, ile ya ndege wanaotia wasiwasi zaidi. Duniani kwa ujumla bado hawajaingia kwenye hatari maana eneo lao ni kubwa mno, ila hilo halimfariji mtu ambaye ukuta wake umebaki mtupu.

Kwenye kulaumu sasa ndo amekosea. Watafiti wa hukohuko walipochambua kumbukumbu za miaka mingi za pete na viota waliona shida kubwa iko kwa vijana, wale wa mwaka wa kwanza, hawafiki mwaka wa pili kama zamani. Katikati ya kutoka kiotoni na kurudi kuzaliana pana mengi, wadudu wamepungua, ukame wa Saheli, misitu inakatwa, pande zote mbili za safari. Na yeye mwenyewe ana cha kufanya, viota vya bustanini vilionekana kufanikiwa vizuri kuliko vya mashambani, kwa hiyo ule mtambao ukutani asiukate Mei na asipulize dawa ya wadudu. Mpelekee gazeti umtafsirie hapa.

Ila mwongezee hili maana ni tamu. Huyu ndege manyoya yake makubwa ya bawa anayabadilisha akiwa Afrika, na anayabadilisha kinyume na karibu ndege wote wadogo, wenzake wanaanzia ndani kwenda nje, yeye anaanzia nje kuja ndani. Kwa hiyo mbawa zinazomfikisha kwenye bustani ya mzee kila Mei zimeota kusini mwa Sahara. Mwambie hivo alafu uone kama atakuangalia vilevile.

SWALI: Niweke nini ili abaki? Nimejaribu mtama na mkate.

JIBU: Mtama watakula shomoro. Huyu anataka mdudu anayeruka na mahali pa kukaa, basi, mara mojamoja tunda dogo la porini. Acha tawi kavu moja lililojitokeza, usiupulizie dawa mti unaotoa maua, weka maji. Kubaki habaki, Aprili ikifika anaondoka hata umfanyie nini.

SWALI: Anko ni mimi tena wa waya, la mwisho. Mwaka jana mwezi kama huu alikuwepo, kwenye waya uleule, upande uleule wa karibu na mpera. Ni yeye?

JIBU: Dada, ndege wahamiaji wengi wanaorudi mahali walipokaa mwaka uliopita wameshathibitishwa kwa pete, kwa hiyo usiniambie haiwezekani na mi sitakuambia haiwezekani. Ila huyu wako hana pete, na wote wanavaa sare moja. Mtazame miguuni hata hivyo, kwa darubini, akiwa amekupa ubavu. Ukiona kitu kinang'aa usijaribu kumkamata, piga picha nyingi upate namba au hata vipande vya namba, uniletee hapa. Na andika tarehe uliyomwona mara ya kwanza mwaka huu, na ile ambayo utaamka umkose. Mwaka jana hukuandika, nimeuliza bure.